Uzi: Kinachoandikwa kwenye lebo ya bangi na kinachompata mtumiaji ni mambo mawili tofauti

Mwanzisha uzi

Wadau, salaam kwenu nyote. Nimefungua uzi huu kwa sababu ndugu zetu wengi wanaoishi Marekani na Kanada, pamoja na vijana wanaokwenda huko kusoma, wanakutana na bangi inayouzwa dukani kwa ruhusa ya sheria, ikiwa imefungwa vizuri na kubandikwa lebo yenye namba na majina ya kuvutia, kisha wanaamini kwamba lebo ile inawaeleza kitakachowapata wakiitumia. Mimi ninaishi Colorado, na msimamo wangu ni huu: sehemu kubwa ya lebo hizo imeandikwa kwa ajili ya kuuza. Mambo yanayoamua hali ya mtumiaji, yaani ni miligramu ngapi zimeingia mwilini, zimepitia mdomoni au mapafuni, na mmea ulilimwa, ukavunwa, ukakaushwa na kuhifadhiwa vipi, ama hayaandikwi kabisa ama huandikwa kwa herufi ambazo mtu wa kawaida hazisomi.

Naanza na tukio lililotokea Denver mwezi Machi 2014. Wapiga kura wa Colorado walikuwa wameruhusu bangi kwa watu wazima Novemba 2012, na maduka yakaanza kuuza tarehe 1 Januari 2014. Miezi mitatu haijatimia, kijana wa miaka 19 kutoka Kongo-Brazzaville, mwanafunzi katika jimbo jirani la Wyoming, alifika Denver na wenzake wakati wa likizo. Mmoja wao mwenye umri wa kuruhusiwa alinunua biskuti zenye bangi. Biskuti moja ilikuwa na miligramu 65 za THC, ambayo ndiyo kemikali inayolevya, na kwa hesabu ya lebo ya miligramu 10 kwa kila sehemu, biskuti hiyo ilikuwa na sehemu sita na nusu. Mhudumu wa duka aliwaeleza waigawe vipande sita na kula kimoja kimoja. Kijana alikula kipande kimoja, akasubiri kati ya nusu saa na saa nzima, hakuhisi chochote, akala biskuti yote iliyobaki. Saa mbili zilizofuata alianza kusema maneno yasiyoeleweka na kuwa mkali, kisha akaruka kutoka ghorofa ya nne ya hoteli na kufariki. Kituo cha Marekani cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa kilichapisha taarifa ya kifo hicho Julai 2015.

Naomba tuitazame biskuti ile kwa makini. Hakuna mtu yeyote, tangu utotoni, aliyewahi kuiona biskuti kama kitu cha kugawanywa sehemu sita na nusu. Namba zilikuwepo kwenye lebo, na hakuna anayedai kwamba zilifichwa, lakini umbo la kitu chenyewe liliyapinga maandishi. Zaidi ya hapo, THC inayoliwa hupita tumboni na kwenye ini kabla ya kufika kwenye ubongo, na ini huigeuza kuwa kemikali nyingine iitwayo 11-hidroksi-THC, ambayo nayo hulevya sana. Safari hiyo huchukua kati ya nusu saa na saa mbili kabla ya mtu kuhisi lolote, kilele chake huja saa mbili hadi nne baada ya kula, na hali yenyewe inaweza kudumu saa sita, nane au zaidi. Anayevuta huhisi ndani ya dakika chache. Kwa hiyo mtu aliyezoea kuvuta, au aliyesikia habari za kuvuta tu, akila na kusubiri dakika 40 bila kuona mabadiliko, akili yake humwambia kwamba kile kipande kilikuwa dhaifu.

Baada ya hapo Colorado ilibadilisha kanuni. Kuanzia Februari 2015, vyakula vyenye bangi vinavyouzwa kwa watu wazima vilipaswa kufungwa kimoja kimoja kwa kipimo kisichozidi miligramu 10, au kuwekewa alama za mgawanyo zinazoonekana wazi. Mwaka 2016 ikaongezwa sharti kwamba alama ya THC ipigwe kwenye chakula chenyewe, ili hata kikitolewa kwenye pakiti kitambulike. Kanada, iliyohalalisha bangi tarehe 17 Oktoba 2018 na kuruhusu vyakula mwaka mmoja baadaye, ilichukua hatua kali zaidi: pakiti nzima ya chakula haiwezi kuzidi miligramu 10 za THC. Wafanyabiashara wa huko wamelalamika tangu siku hiyo kwamba kikomo hicho ni kidogo mno na kinawarudisha wateja kwa wauzaji wa magendo. Mimi naiona kanuni ya Kanada kuwa bora, kwa sababu inamlinda hata yule asiyesoma, na wasiosoma lebo ndio wengi.

Tukiacha vyakula, twende kwenye maua makavu, yale yanayovutwa. Ukiingia dukani Denver utakuta lebo ina mambo matatu yaliyoandikwa kwa herufi kubwa: jina la aina, neno sativa, indika au mchanganyiko, na asilimia ya THC. Mhudumu atakueleza kwamba sativa inachangamsha na indika inalaza usingizi, na wanunuzi karibu wote wanalichukulia jambo hili kama elimu iliyothibitishwa. Majina hayo mawili yalitoka kwa wataalamu wa mimea wa Ulaya, Linnaeus mwaka 1753 na Lamarck mwaka 1785, waliokuwa wakilinganisha umbo la mimea. Tangu wakati huo, na hasa tangu miaka ya 1970, wakulima wamezalisha machotara juu ya machotara hadi mipaka ile imefutika.

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dalhousie nchini Kanada, wakishirikiana na wenzao wa Uholanzi, walichunguza vinasaba vya sampuli zaidi ya 100 na kukuta kwamba zilizoitwa sativa na zilizoitwa indika hazitofautiani kwa ujumla wa vinasaba vyake. Tofauti ndogo waliyoipata ilihusu terpeni chache, yaani kemikali zinazoleta harufu, ikiashiria kwamba wakulima wamekuwa wakiipa mimea majina kwa pua. Mwaka uliofuata, watafiti wa Colorado walichambua matokeo ya maabara ya sampuli karibu 90,000 kutoka majimbo sita ya Marekani, wakakuta kwamba lebo za sativa, indika na mchanganyiko hazilingani na kemikali zilizomo. Mimea yenye kemikali zinazofanana ilikuwa imegawanywa katika majina yote matatu. Kwa hiyo mtu anayenunua indika ili apate usingizi anaweza kuwa ameibeba kemikali ileile ambayo mwenzake ameinunua kama sativa ili achangamke, na kila mmoja akapata sehemu ya alichokitarajia kwa sababu alikitarajia.

Majina ya aina nayo hayana uhakika zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulichukua sampuli 122 za aina 30 kutoka maduka ya majimbo matatu ya Marekani, na katika aina nyingi ilionekana angalau sampuli moja ambayo vinasaba vyake havikuwa na uhusiano na wenzake wenye jina hilohilo.

Inabaki ile asilimia. Hapa ndipo fedha zilipo, maana mnunuzi aliyesimama mbele ya mitungi 30 hana kipimo kingine cha kulinganisha zaidi ya namba na bei, naye huamini kwamba asilimia 30 ni bora kuliko 18. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northern Colorado walichapisha matokeo ya sampuli 23 walizozinunua katika maduka 10 ya jimbo hili na kuzipima upya. Takribani asilimia 70 ya sampuli hizo zilikuwa na THC pungufu kwa zaidi ya asilimia 15 ikilinganishwa na ilivyoandikwa, na wastani halisi wa THC ulikuwa karibu asilimia 15 tu, wakati lebo nyingi zilitangaza zaidi ya 20.

Nimalizie sehemu hii kwa utafiti ambao nauthamini kuliko mingine yote. Chuo Kikuu cha Colorado Boulder hakiwezi kuileta bangi ya dukani chuoni, kwa sababu sheria ya serikali kuu ya Marekani bado inaikataza. Watafiti wakatengeneza gari la maabara, wakaliegesha nje ya nyumba za washiriki. Mshiriki alitumia bangi yake mwenyewe ndani ya nyumba yake, kisha akatoka na kuingia garini kutolewa damu na kupimwa kumbukumbu na uwezo wa kusimama bila kuyumba. Watu 121 walishiriki, wengine wakitumia maua yenye asilimia 16 au 24, wengine wakitumia dondoo, yaani bangi iliyokamuliwa na kukolezwa, lenye asilimia 70 au 90. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kwamba watumiaji wa dondoo walikuwa na THC nyingi zaidi sana katika damu, lakini kiwango chao cha kulewa na kuharibikiwa uwezo kililingana na cha waliovuta maua. Namba iliyoandikwa kwenye pakiti haikutabiri ulevi. Msisome hapo kwamba dondoo halina madhara, maana mwili ulioloweshwa THC nyingi kila siku hujenga usugu, na usugu una gharama zake.

Nakaribisha michango.

Mchangiaji kutoka Molo

Ndugu mwanzisha uzi, asante kwa maelezo yaliyopangika. Mimi si mtumiaji wala sina nia ya kuwa mtumiaji, lakini familia yetu imelima pareto kwa vizazi viwili, na nilipokuwa nikisoma nimekuwa nikiifikiria pareto muda wote. Nayo ni ua linalolimwa kwa ajili ya kemikali iliyomo ndani yake, si kwa ajili ya uzito. Kiwanda hupima kiwango cha piretrini katika maua makavu na mkulima hulipwa kwa kiwango hicho. Ukichuma mapema kiwango huwa chini, ukirundika maua mabichi yanapata joto na kuharibika, ukikausha kwa moto mkali unapoteza kile ulichokilimia mwaka mzima.

Sasa nina maswali mawili. La kwanza, je, mkulima wa bangi naye anaweza kubadilisha kemikali kwa jinsi anavyolima na kukausha, au yote yako kwenye mbegu? La pili ndilo linalonisumbua zaidi. Kwetu anayepima ni mnunuzi, na anapima kwa uangalifu kwa sababu ndiye anayelipa, na akikosea kwa kuzidisha, hasara ni yake. Huko Marekani, ni nani anayemlipa mpimaji?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Molo, swali lako la pili limegusa kidonda chenyewe. Anayelipa maabara ni mzalishaji. Mzalishaji anapopata asilimia 19 kwenye maabara moja na kusikia kwamba maabara nyingine huwapatia wateja wake 27, anahama, na maabara inayopima kwa uaminifu inakosa wateja. Hali hiyo imeripotiwa katika majimbo kadhaa, na baadhi ya maabara zimenyang'anywa au kusimamishiwa leseni. California ilipitisha sheria mwaka 2021 ya kuzilazimisha maabara zote kutumia njia moja ya upimaji, na kanuni ya kuitekeleza kwa maua ikaanza kufanya kazi Januari 2024. Ni hatua nzuri, lakini haijabadilisha nani analipa. Ningependa kuona sampuli zikichukuliwa na wakaguzi wa serikali kutoka kwenye rafu za maduka, bila taarifa, na matokeo yakitangazwa kwa jina la bidhaa.

Kuna jambo jingine kuhusu sampuli. California inaruhusu kundi moja la mavuno kufikia pauni 50, sawa na kilo 22 na nusu hivi, na matokeo ya sampuli ndogo iliyochukuliwa humo ndiyo yanayobandikwa kwenye kila mtungi. Lakini hata mmea mmoja hauko sawa juu na chini. Maua ya kileleni yaliyopata mwanga wa kutosha huwa na THC nyingi kuliko yale ya matawi ya chini yaliyokaa kivulini. Anayetaka namba kubwa anajua achukue ua la wapi.

Kuhusu swali la kwanza, mbegu huweka mipaka na mkulima huamua mmea utafika wapi ndani ya mipaka hiyo. Ukilitazama ua la kike la bangi kwa kioo cha kukuzia utaona vinyweleo vidogo vyenye vichwa vya mviringo vinavyong'aa kama matone, na humo ndimo mmea unamotengenezea karibu THC yake yote pamoja na terpeni. Mwanzoni vichwa hivyo huwa angavu kama maji, kisha huwa vyeupe kama maziwa, na vikikaa sana hugeuka rangi ya kaharabu. Mkulima hodari huvuna kwa kuvitazama. Huondoa pia mimea dume shambani, kwa sababu ua lililopata chavua hutumia nguvu zake kutengeneza mbegu.

Halafu, mmea mbichi hauna THC nyingi iliyo tayari. Una asidi yake, THCA, ambayo hailevyi hadi ipate joto, ama la kiberiti ama la jiko. Ndiyo maana maabara hukokotoa THC ya jumla kwa kuzidisha THCA kwa 0.877 na kuongeza THC iliyokwisha kuwepo. Namba ya lebo kwa hiyo ni ya kile kinachowezekana kupatikana. Anayevuta msokoto hapati chote, kwa kuwa sehemu kubwa huungua au hupotea kwenye moshi usiovutwa.

Kukausha ndiko kunakoharibu kazi nyingi, kama ulivyosema kuhusu pareto. Terpeni nyepesi huruka hewani haraka, kwa hiyo ua lililokaushwa kwa pupa na joto hubaki na THC yake lakini linanuka kama majani makavu. Lisipokauka vya kutosha, ukungu huingia ndani ya pakiti. Na likishafungwa, saa inaendelea kuhesabu: kipimo kilichofanywa Chuo Kikuu cha Mississippi, ambacho kwa miongo mingi ndicho kilichokuwa na mkataba wa kuilimia serikali ya Marekani bangi ya utafiti, kilionyesha kwamba bangi iliyohifadhiwa kwenye joto la kawaida la chumba hupoteza takribani asilimia 17 ya THC katika mwaka wa kwanza na zaidi ya asilimia 40 ikifikisha miaka minne. Mwanga huharakisha jambo hilo. Tarehe ya kufungwa huandikwa mahali fulani chini ya pakiti, nami nasema ina maana kuliko jina la aina, kuliko sativa na indika, na mara nyingi kuliko asilimia yenyewe.

Na kama mteja anafuata asilimia, mkulima atafuata asilimia. Bangi iliyokamatwa na polisi wa Marekani na kupimwa Mississippi ilikuwa na wastani wa asilimia 4 hivi za THC mwaka 1995, na ilipofika 2014 ilikuwa karibu 12. Maua ya dukani leo yamepita hapo. Miaka yote hiyo, mimea yenye CBD, kemikali nyingine ya bangi isiyolevya, na yenye harufu za kipekee iliachwa kwa sababu haikutoa namba kubwa. Hasara hiyo inaniuma, kwa sababu ni urithi wa wakulima wa vizazi vingi uliotupwa kwa ajili ya tarakimu moja kwenye kibandiko.

Mchangiaji kutoka Dar es Salaam

Mwanzisha uzi, nimesoma kwa heshima, ila lazima niseme kinachonikera. Hapa Tanzania bangi ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 2015, na wenzetu wa Kenya wana yao ya mwaka 1994. Vijana wetu wakisoma uzi kama huu wataondoka na wazo kwamba tatizo la bangi ni lebo mbaya, na kwamba lebo ikirekebishwa basi mambo ni shwari. Mimi nina ndugu yangu wa damu aliyeharibikiwa akili, na bangi ilikuwepo katika habari yake tangu alipokuwa kidato cha tatu. Je, hizo tafiti zako zinasema nini kuhusu watu kama yeye?

Mwanzisha uzi

Kaka, pole kwa yaliyoipata familia yenu, na swali lako ni halali kabisa. Zinasema mengi, na hayafurahishi. Mwaka 2019 timu iliyoongozwa na Marta Di Forti wa King's College London ilichapisha utafiti uliofanywa katika vituo 11 vya Ulaya na Brazil, ukawalinganisha wagonjwa waliopata kwa mara ya kwanza saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu ashindwe kutofautisha mambo halisi na yasiyo halisi, na watu wa kawaida wa maeneo yaleyale. Waliotumia kila siku bangi yenye THC ya asilimia 10 au zaidi walikuwa na uwezekano wa kupata ugonjwa huo karibu mara tano ya wasiowahi kuitumia. Asilimia 10 ndiyo iliyohesabiwa kuwa kali, wakati katika maduka ya Denver ni vigumu kulipata ua la chini ya hapo.

Wengine hudai kwamba CBD ikichanganywa humkinga mtumiaji, na lebo nyingi zinajivunia uwiano wake. Chuo hichohicho kilijaribu mwaka 2022 kwa watu 46 wenye afya, kikiwapa miligramu 10 za THC pamoja na CBD kwa viwango mbalimbali hadi mara tatu ya THC, na CBD haikupunguza madhara kwenye kumbukumbu wala dalili za saikosisi. Kuhusu terpeni kuna dalili moja ya kuvutia: mwaka 2024 watafiti wa Johns Hopkins waliripoti kwamba limonini, ile harufu ya malimau, ilipunguza wasiwasi katika jaribio la watu 20 waliovuta mvuke wa THC, lakini ilionekana wazi zaidi kwa 12 kati yao waliopewa miligramu 15 za limonini pamoja na miligramu 30 za THC, kipimo ambacho ni kingi kuliko mtu anavyokipata kwa kawaida kwenye ua. Kwa hiyo mhudumu anayekuahidi utulivu kwa sababu lebo imetaja limonini anauza matumaini.

Sisemi kwamba lebo nzuri inaifanya bangi kuwa salama. Ninachosema ni kwamba pale ilipokwisha kuruhusiwa, mtu ana haki ya kujua alichokishika. Anayenunua kwa siri uchochoroni hana hata hiyo lebo mbaya. Mwaka 2019 na mapema 2020 watu zaidi ya 2,800 walilazwa hospitalini Marekani na 68 wakafariki kwa majeraha ya mapafu kutokana na sigara za mvuke. Nyingi zilikuwa za THC zilizopatikana nje ya maduka rasmi, na kemikali iliyohusishwa zaidi ni vitamini E asetati iliyotumika kuyafanya mafuta yaonekane mazito. Wauzaji wenye leseni nao wana madoa yao: Kanada ililazimika kurudisha bidhaa za baadhi ya wakulima wenye leseni mwaka 2016 na 2017 baada ya kukutwa mabaki ya maiklobutanili, dawa ya kuua ukungu ambayo ikipata moto hutoa gesi ya sianidi.

Jambo la mwisho kwa vijana wanaosafiri. Duka la Denver ni halali kwa sheria ya jimbo, lakini uhamiaji ni mamlaka ya serikali kuu. Mwongozo uliotolewa na idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani Aprili 2019 unasema wazi kwamba kujihusisha na bangi, hata katika jimbo lililoiruhusu, kunaweza kumkosesha mtu uraia. Risiti ya dukani inaweza kuwa ushahidi dhidi yako. Hilo haliandikwi kwenye lebo yoyote.

Mchangiaji kutoka Minneapolis

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni muuguzi katika hospitali moja ya hapa Minnesota, na ninaandika kwa sababu mazungumzo yote yamehusu watu wazima wanaojua wanachokila. Jimbo letu liliruhusu vyakula vyenye THC itokanayo na katani (si mkonge, bali hemp, yaani bangi yenye THC kidogo sana) kuanzia Julai 2022, miligramu 5 kwa kipimo na 50 kwa pakiti. Pipi laini hizo sasa ziko kila mahali, na zinafanana na pipi za watoto kwa rangi na kwa ladha.

Takwimu za vituo vya sumu vya Marekani zilizochapishwa mwaka 2023 zinaonyesha kwamba visa vya watoto wa chini ya miaka sita waliokula vyakula vyenye bangi vilipanda kutoka 207 mwaka 2017 hadi 3,054 mwaka 2021. Mtoto wa miaka mitatu hali kipimo, anakula pakiti. Anaweza kulala usingizi usioamshika, kuyumba au kupumua kwa shida. Kinachotuchelewesha zaidi ni wazazi, hasa wa jamii zetu za wahamiaji, ambao kwa aibu na kwa hofu ya sheria hawasemi. Tunapima homa ya uti wa mgongo, tunapiga picha za kichwa, na saa zinapita, kumbe jibu lilikuwa kwenye mfuko wa mjomba aliyekuja kutembea. Niliwahi kumpokea pia bibi aliyepewa pipi ya usingizi na mjukuu wake bila kuelezwa ni nini. Alikuwa na hakika kwamba anakufa, na hakuna maneno yetu yaliyomtuliza hadi usiku ulipopita.

Mwanzisha uzi, ungeulizwa na kamati ya jimbo letu, ungetaka lebo iandikwe nini?

Mwanzisha uzi

Dada, asante kwa mchango huu. Ningeiomba kamati iweke mbele ya pakiti, kwa herufi kubwa kuliko jina la bidhaa, idadi ya miligramu za THC katika kipande kimoja, kisha idadi ya pakiti nzima. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa dawa za kulevya iliamua mwaka 2021 kwamba miligramu 5 ndizo ziwe kipimo kimoja cha kawaida katika tafiti zake, na hicho kingekuwa msingi mzuri wa hesabu, ili lebo iseme pakiti hii ina vipimo 10 na kila mtu aelewe. Chini yake pawe na sentensi moja: usiongeze kabla saa mbili hazijapita tangu ulipokula, nami ningependelea hata saa tatu. Kwa maua, tarehe ya kuvunwa na tarehe ya kufungwa zitangulie asilimia, na asilimia yenyewe iandikwe kama masafa, tuseme 14 hadi 18, kwa kuwa huo ndio ukweli wa mmea. Maneno sativa na indika ningeyaondoa kabisa, na nafasi yake ichukuliwe na terpeni tatu kuu na viwango vyake. Rangi za pipi na picha za matunda zipigwe marufuku. Kanada imeweza kuwauzia watu wazima katika pakiti zisizo na mapambo, zenye onyo la njano na alama nyekundu ya THC.

Na kwa wazazi mnaosoma hapa, naunga mkono maneno ya muuguzi. Mtoto akishukiwa amekula, piga kituo cha sumu cha Marekani kwa namba 1-800-222-1222, ambacho hupokea simu saa zote bila malipo na kina wakalimani. Akiwa hapumui vizuri au haamki, piga 911 kwanza. Chukueni pakiti mwende nayo hospitalini, hata kama imebaki tupu, mumwoneshe daktari miligramu zilizoandikwa na kumweleza ni saa ngapi mtoto alikula.